Sikukuu ya hesabu bila franga: kamba, njiti na mchanga wa Watshokwe

Kila mwaka, tarehe 14 mwezi wa tatu, wanafunzi na walimu wa inchi nyingi wanafanya sikukuu ya hesabu. Wengine wanaoka keki za mviringo, wengine wanashindana kutaja namba kwa kichwa, wengine wanatoka nje kupima miti na visima. Hapa Kisenge siku hiyo inapita sawa siku ingine: mvua, matope, mwalimu mbele ya tablo, watoto wamebanana kwenye banki. Wazazi wengi hawajasikia hata kama sikukuu ya namna hiyo iko.

Lakini iko, na kuifanya hakuombi franga. Tena, watu wa Dilolo na Sandoa wana kitu cha kuweka ndani ya sikukuu hiyo ambacho miji mikubwa ya Ulaya haina. Ni michoro ya mchanga ya Watshokwe, ile wazee wanaita sona. Tutafika pale. Kwanza tuangalie sikukuu yenyewe inatoka wapi.

Ilianza Marekani mwaka 1988. Larry Shaw, mtu aliyekuwa akitumika kwenye jumba la sayansi linaloitwa Exploratorium, katika muji wa San Francisco, aliona kwamba Wamarekani wanaandika mwezi mbele ya siku. Kwao tarehe 14 mwezi wa tatu ni 3/14. Na 3,14 njo mwanzo wa namba pi, ile kila mwanafunzi wa segondere anaijua. Wakazunguka jumba, wakakula keki, wakacheka. Mchezo ukaenea. Mwaka 2019 mkutano mkuu wa UNESCO ukapitisha 14 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Hesabu, na tangu 2020 inafanywa kila mwaka.

Sasa, Congo kuko shida moja ndogo. Hapa watu wanaandika siku mbele ya mwezi: 14/3. Ukisoma hivyo, pi haionekani tena. Kuko tarehe ingine inayofaa zaidi, na watu wengi wanaotumia kalenda ya Kifaransa wanaipenda: 22 mwezi wa saba. Iandike: 22/7. Gawanya 22 kwa 7, utapata 3,142 na kuendelea, karibu kabisa na pi. Archimedes, Mgriki wa Siracusa aliyeishi zaidi ya miaka 2200 iliyopita, ndiye aliyeonyesha kwamba pi ni ndogo kidogo tu kuliko 22/7. Kosa lake ni dogo sana: kwenye duara yenye mzunguko wa kilometre moja, 22/7 inakukosesha santimetre 40 hivi.

Na mwezi wa saba kwa Kisenge ni mwezi muzuri. Masomo yamefunga, Exétat imepita, mvua imekatika tangu zamani, na watoto wanazunguka parsele kwa parsele bila kazi. Walimu wanaotaka kufanya 14 Machi ndani ya darasa wafanye, hakuna ubaya. Lakini kwa quartier nzima, kwa wazee na watoto pamoja, 22 Julai inashinda.

Kwa nini kujisumbua? Tangu masomo ya primeri yalipokuwa ya bure, mwezi wa tisa 2019, madarasa yamejaa. Mwalimu mwenye watoto wengi vile hana nafasi ya kucheza nao. Hesabu inabaki kitu cha tablo: kuandika, kunakili, kukosea, kupata sifuri. Mtoto anaanza kuamini kwamba hesabu ni kitu cha wazungu, kimekuja na Kifaransa chake, na chenyewe hakina njia ya kumuingia. Na Lualaba ni jimbo ambapo kutojua hesabu kunakula mfuko wa mtu. Mchimbaji anayeleta jiwe kwa mnunuzi analipwa kwa kilo, kwa asilimia ya shaba iliyo ndani, na unyevu unakatwa. Kama hajui kuangalia zile namba tatu, atapokea tu kile atapewa.

Basi, kamba. Hii njo michezo ya kuanza, na mtoto wa mwaka wa tatu wa primeri anaiweza. Kila mtoto analeta kitu cha duara: kifuniko cha sufuria, beseni, ndoo, sahani ya bati. Anazungusha kamba pembeni ya kifuniko mara moja na kuikata pale inapokutana. Kiisha anakamata ile kamba na kuinyoosha juu ya kifuniko, kupitia katikati kabisa, toka upande mumoja mpaka upande mwingine. Anakata kipande cha urefu huo. Anakata kingine. Anakata cha tatu. Kinabaki kipande kidogo.

Hapo njo furaha inaingia. Mwenye kifuniko kidogo ana vipande vitatu na kamasalio. Mwenye beseni kubwa la kuogea mtoto naye ana vipande vitatu na kamasalio. Hakuna hata mumoja atapata vinne, hakuna atapata viwili. Tena, kile kipande kidogo kipime juu ya kipande kirefu: kitaingia karibu mara saba. Vitatu na sehemu moja ya saba, yaani 22/7. Mtoto ameiona pi kwa mikono yake, na hakuna aliyeandika kitu kwenye tablo. Akiuliza, «Sasa hii pi njo kitu gani?», mwonyeshe zile kamba.

Kwa wakubwa kidogo, kuko kinga. Gurudumu la kinga kubwa, zile za kubeba makala, lina upana wa santimetre 70 hivi pamoja na mupira wake. Weka alama ya chokaa kwenye mupira na kwenye njia, sukuma kinga mpaka alama irudi chini, pima pale ilipotembea. Itakuwa karibu metre 2,20. Sasa waulize: toka kwenye masomo mpaka sokoni gurudumu limezunguka mara ngapi? Wapate jibu kwa kuhesabu mizunguko, si kwa kuuliza mtu mwenye telefone.

Wamama wa soko nao wana sehemu yao. Kamata makopo mawili ya urefu mumoja, lakini moja liwe na mudomo wa upana mara mbili ya lingine. Uliza watu: ile kubwa itabeba bunga mara ngapi kuliko ile ndogo? Wengi watajibu haraka, mara mbili. Mimina bunga mbele yao. Itabeba mara ine. Upana ukiongezeka mara mbili, nafasi ndani ya duara inaongezeka mara mbili kwa mara mbili. Mama anayeuza kwa meka anajua kwamba mudomo wa meka ukibanwa kidogo tu bunga inapungua sana. Hii michezo inamwonyesha kwa nini. Na kwa anayenunua, si vibaya naye ajue.

Ingine inaonekana sawa uchawi kidogo, na ilifikiriwa na Mfaransa aitwaye Buffon, aliyeichapisha mwaka 1777. Chora mistari sambamba kwenye karatasi kubwa ama chini kwenye simenti. Nafasi toka mstari mpaka mstari iwe urefu wa njiti mbili za kibiriti. Rusha njiti juu bila kuangalia, mara mia moja. Hesabu ngapi zimeanguka juu ya mstari. Zitakuwa karibu 32. Gawanya 100 kwa 32, unapata 3,125. Mara ya kwanza unaweza kupata namba ya mbali, hata 2,8 ama 3,6. Kwa hiyo fanyeni makundi kumi, kila kundi lirushe mara mia, kiisha mujumulishe pamoja. Kadiri munarusha nyingi njo munakaribia pi. Hakuna duara hata moja pale, ni njiti tu na mistari, lakini pi inatoka. Wanafunzi wa humanités watauliza kwa nini, na mwalimu wa hesabu atapata kazi ya wiki nzima. (Njiti zitumiwe tena. Kibiriti si bure.)

Kwa wapenda maneno kuko mashindano ya kukumbuka. Pi inaenda hivi: 3,14159265358979 na haina mwisho. Wazungu wanatunga sentensi ambamo kila neno lina herufi sawa na namba: neno la herufi tatu, la herufi moja, la herufi ine. Maneno ya herufi moja ni haba sana katika Kiswahili, kwa hiyo njia hiyo ni ngumu. Lakini silabi zinafaa sana, juu Kiswahili kinaweza kujenga neno refu mpaka pumzi ikatike. Mfano huu: «Watoto wa manganezi na wanakijiji hatutawasahaulisha haya.» Hesabu silabi za kila neno: tatu, moja, ine, moja, tano, tisa, mbili. Hiyo ni 3,141592. Namba zinazofuata ni 6, 5, 3, 5. Anayeweza kuendeleza sentensi bila kuharibu maana anastahili zawadi, hata kama ni mukate tu.

Kisolo pia kisisahauliwe. Wazee wanaokaa chini ya mti na kusambaza mbegu ndani ya mashimo wanahesabu hatua nyingi mbele, na hakuna anayeshika biki. Weka mwanafunzi wa mwaka wa sita wa humanités mbele ya mzee mumoja wa kisolo, uone nani atacheka mwisho.

Lakini kitu kikubwa ni sona.

Neno lenyewe ni la wengi. Moja tu inaitwa lusona. Watshokwe wa Angola, wa Congo na jirani zao, wanaume walipokaa kiwanjani mwa kijiji ama kwenye kambi ya mawindo, walisafisha mchanga kwa mkono, wakatia nukta kwa ncha za vidole, safu kwa safu, kila nukta mbali na jirani yake kwa kipimo kimoja. Kiisha mzee alianza kusimulia hadithi, na kidole chake kikatembea katikati ya nukta: mstari mumoja, bila kunyanyua kidole, bila kurudi juu ya njia aliyokwisha kupita, mpaka arudie pale alipoanza. Hadithi na mchoro vilimalizika pamoja. Kuko mchoro wa kobe, wa swala, wa tumbo la simba. Kuko ule wa kuku anayefukuzwa, mstari unaokimbia huku na kule sawa kuku mwenyewe siku ya wageni. Vijana walijifunza michoro ya kwanza ndani ya mukanda, na wachache tu walifika kuwa wajuzi wa kweli. Mtu aliyesita katikati, wazee walimwona mara moja.

Hesabu iko wapi ndani yake? Mtu aliyeifuata sana ni Paulus Gerdes, aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1952, akafundisha hesabu Mozambique mpaka akafa mwaka 2014. Alichukua michoro iliyokusanywa Angola na watu wa mbele yake na kuuliza swali la mwalimu: kwa nini nukta zingine zinakubali mstari mumoja na zingine zinakataa?

Mufanye wenyewe. Chora nukta mbili tu. Zizungushe kwa namba nane, kidole kikipita katikati yao. Mstari mumoja unatosha. Sasa nukta ine, safu mbili za mbili. Kanuni ni hii: kidole kinatembea mushazari katikati ya nukta, na kikifika pembeni kinageuka, kinazunguka nukta ya mwisho na kurudi ndani, sawa mupira unaogonga ukuta. Utaona mstari unafunga kabla ya kumaliza, na unalazimika kuanza wa pili. Jaribu safu mbili za nukta tatu: mstari mumoja unamaliza kila kitu, na kila nukta inabaki ndani ya chumba chake. Safu tatu za tatu: mistari mitatu. Safu tatu za tano: mumoja. Safu ine za sita: miwili.

Waache watoto wabishane kidogo. Kiisha waulize: namba kubwa kuliko zote inayogawanya 4 na 6 bila kubakisha ni ngapi? Ni 2. Ya 3 na 3? Ni 3. Ya 3 na 5? Ni 1. Ile hesabu ya PGCD, ile inayowaliza watoto mwisho wa primeri, njo inayosema mistari itakuwa mingapi. Kwa michoro ya namna hii, iliyosukwa sawa kirago, haikosei hata mara moja. Mzee aliyechagua safu tano na nukta sita hakuita jina PGCD, lakini alijua kwamba pale kidole hakitakwama.

Gerdes aliendelea mpaka akapata namna mupya ya michoro ya nyeupe na nyeusi, iliyozaliwa na sona. Aliipa jina la Lunda, kufuata eneo la Lunda la kaskazini-mashariki ya Angola pale Watshokwe wengi wanakaa. Kwa hiyo neno hilo liko ndani ya vitabu vya hesabu vya leo, na mwanafunzi wa Kapanga ama Sandoa anaweza kupita mbele yake bila kujua.

Mwezi wa kumi na mbili 2023 UNESCO iliingiza sona katika orodha ya urithi wa watu wote. Ombi lilipelekwa na Angola. Luau, muji wa kwanza wa Angola ukivuka mupaka kwa upande wa Dilolo, si mbali, na pande zote mbili watu wanazungumza Kitshokwe kimoja. Lakini urithi ule umeandikwa kwa jina la Angola peke yake. Hakuna anayekataza upande huu kuchora. Ila mchoro wa mchanga unafutwa na upepo jioni ile ile, na mjuzi akifa bila kufundisha, hakuna karatasi inayobaki. Vita, kazi za migodi, watu kuhamia Kolwezi na Lubumbashi, vyote vimepunguza vile viwanja vya kukaa jioni. Leo mtoto wa Kisenge anaweza kutaja wachezaji wote wa Mazembe na hajawahi kuona lusona hata moja.

Kuko mambo mawili ya kuchunga. La kwanza, si kila kitu cha mukanda ni cha kuonyesha kiwanjani. Michoro ya hadithi ilichorwa mbele ya watu, lakini mengine ni siri ya waliopita kule. Wanaotengeneza sikukuu waende kwanza kwa wazee na kwa chifu, waulize kwa heshima: baba, ni ipi inaweza kuonyeshwa kwa watoto? Mzee aliyeombwa vizuri hakatai kila kitu. La pili ni watoto wa kike. Zamani hii ilikuwa kazi ya wanaume. Kwenye kiwanja cha masomo hakuna sababu msichana akae pembeni kuangalia. PGCD iko ndani ya mtihani wake pia.

Na mtu akisema bado kwamba hesabu ilikuja Congo na meli ya wazungu, mwambie Ishango. Pale mto Semliki unatoka ndani ya ziwa Edward, ndani ya mbuga ya Virunga, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mufupa mdogo, santimetre kumi hivi, wenye alama zilizokatwa kwa makusudi katika safu tatu. Una miaka kama 20.000. Safu moja ina vikundi vya alama 11, 13, 17 na 19. Ingine ina 11, 21, 19 na 9. Jumulisha kila moja: ni 60 na 60. Wataalamu wanabishana mpaka leo. Wengine wanasema ni kalenda ya mwezi, wengine wanasema ni namna ya kuhesabu, wengine wanafikiri zile alama zilisaidia tu kushika mufupa vizuri. Mufupa wenyewe uko Bruxelles, ndani ya jumba la makumbusho la sayansi. Watoto wanaweza kutengeneza wa kwao kwa kipande cha muti na kisu, chini ya macho ya mukubwa, na kubishana sawa wale wataalamu.

Kwa wanaotaka kufanya kweli mwezi wa saba, kazi si kubwa. Kamba metre ishirini, vifuniko vya jikoni, njiti mia, kinga moja, wazee wawili ama watatu wenye kiti kizuri na kikombe cha maji. Mchanga ulowanishwe kidogo asubuhi, juu mukavu sana unaporomoka na kufunika njia ya kidole. Michezo ya kamba na njiti ianze saa mbili asubuhi wakati jua bado dogo. Sona ingoje alasiri, wakati wazee wanapenda kukaa. Weka kijana mumoja mwenye kaye na biki pembeni, kazi yake iwe kunakili tu: nukta ngapi, safu ngapi, jina la mchoro kwa Kitshokwe, na hadithi yake. Asimuulize mzee kitu wakati kidole chake kiko ndani ya mchanga. Atamuuliza nyuma.